Mbuzi Hakuzila Zile Nyanya

Kalemie, Ijumaa tarehe 5 Septemba, alasiri

Mwanangu Ngoie,

Nimejiahidi kukuambia yote katika barua hii, na nitaanza na lililo zito ili nisipate nafasi ya kulikwepa. Mbuzi wa Mama Safi hakuzila zile nyanya zako. Nilizichuma mimi. Nilizipika, na wewe mwenyewe ulizila jioni ile na ugali wa bukari, ukaniambia mchuzi ulikuwa mtamu.

Sasa nimekwisha kuliandika. Niko darasani, kwenye benchi langu la nyuma karibu na dirisha. Wenzangu wamekwenda nyumbani, na mlinzi ameniruhusu kukaa mpaka atakapofunga lango. Nyumbani ningeshindwa. Ungeniona nimeinama juu ya karatasi, ungeuliza naandika nini, na mimi ningesema naandika kazi ya shule. Uongo umekuwa mwepesi mno kwangu mbele yako, ndiyo maana nimekuja kuandikia mbali nawe.

Saa hii uko na waimbaji wenzako, wanakuaga. Kesho asubuhi treni itatoka, ikiwa safari hii itatoka kweli baada ya kuahirishwa mara mbili, nawe utakwenda mpaka Kabalo, kisha upande mtumbwi wa moteri mpaka Ankoro, ukafundishe watoto wa mwaka wa pili. Sitakuandikia habari za chandarua, wala za kuchemsha maji, wala za kufunga mzigo vizuri kwenye mtumbwi. Hayo nimekuambia mpaka umechoka. Ninaandika kwa sababu ndani ya mzigo huo kuna kopo la mbegu zetu, na unakwenda kuwapa watu mbegu hizo pamoja na hadithi ambayo si ya kweli.

Wacha nirudi nyuma, nieleze kama mwalimu anavyotutaka tueleze, jambo moja baada ya jingine.

Ulikuwa na miaka kumi na tano. Nyuma ya nyumba tulikuwa tumepanda mashina thelathini ya nyanya, na mvua ilikuwa imenyesha siku nyingi mfululizo. Jumatatu tuliona mabaka ya majimaji kwenye majani ya chini. Jumanne asubuhi ulinigeuzia jani ukanionyesha ukungu mweupe upande wa chini, kama vumbi la unga wa muhogo. Kufika Alhamisi kila kitu kilikuwa cheusi, majani yananing'inia kana kwamba mtu amepita akiyamwagia maji ya moto. Hapa kwetu husemwa tomati zimeungua. Prof wetu wa kilimo hapa shuleni anauita ugonjwa huo mildiu. Mwaka ule mji mzima uliungua, na sokoni hapakuwa na nyanya, ila zile chache zilizofika na mashua, nusu zimeoza.

Lilibaki shina moja. Hatukulipanda. Lilijiotea lenyewe kando ya uzio wa Mama Safi, lina matunda madogo kama kucha za kidole gumba, na mimi nilikuwa nimelidharau tangu mwanzo.

Nilikuambia, "Ng'oa na hiyo, tupande mboga ya lenga-lenga."

Ukasema, "Mama, hii haikuungua. Wenzake wote wamekufa, yenyewe iko inachanua. Acha tuone."

Ulichana utepe wa bluu kutoka sketi yako ya zamani ya shule ukalifunga. Kila siku ulitoka kulitazama kabla ya kunawa uso. Lilikuwa na mabaka, lakini mabaka yale yalikauka mahali pake na shina likaendelea kutoa majani mapya. Matunda kumi na mawili yalianza kuwa mekundu. Ulinikataza kugusa hata moja. Ulisema yote ni mbegu.

Jumamosi moja, ulipokuwa kwenye mazoezi ya kwaya, shangazi yako alifika kutoka Kabalo pamoja na baba yako mdogo. Hawakuwa wametuma habari. Baba yako alikuwa amekufa miaka tisa nyuma, na tangu mazishi ndugu zake wa huko kwenye njia ya reli walikuwa wamekuja mara mbili tu. Nilisikia shangazi akisema uani, kabla hata ya kuketi, "Mutoto wa kaka yetu amekuwa mukubwa sasa. Iko wapi?"

Labda yalikuwa maneno ya salamu tu. Lakini mimi nilikuwa nimeona kwenye avenyu yetu mjane aliyechukuliwa watoto watatu kwa siku moja, kwa sababu ukoo wa mume ulisema anawalisha vibaya. Nilikuwa na dagaa wakavu, ndakala, na unga. Hapakuwa na kitu kingine. Kumwekea shangazi wa mtoto ndakala waliochemshwa kwa chumvi, bila mchuzi mwekundu, ilikuwa sawa na kumpa ushahidi mkononi aende nao Kabalo. Ndivyo nilivyofikiri. Sikuwaza mara mbili. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikachuma zote kumi na mbili, hata zile ambazo hazijaiva vizuri.

Sufuria yetu ilikuwa ndogo, nikamwomba Mama Safi yake. Aliileta mwenyewe, akakaa kwenye kigoda jikoni kunisaidia kuchambua ndakala. Aliniona nikikata nyanya. Alijua zilikotoka, maana uzio ule ni wake, na wewe ulikuwa umemwonyesha shina lako labda mara kumi. Aliendelea kuchambua. Mimi nilikamua mbegu kwa kidole, kama ninavyofanya siku zote ili mchuzi usiwe mchachu, nikasuuza bakuli na kumwaga maji yale nyuma ya jiko.

Shangazi yako alipoonja alisema, "Wifi, tomati na mvua hii? Sisi kule tumesahau hata rangi yake."

"Ni za mutoto," nikasema. "Anapenda kulima."

"Basi munaishi vizuri," akasema, akachukua bukari tena. Wewe ulirudi jioni wakiwa wamekwisha kula, ukala ukidhani wageni ndio walioleta tomati.

Walilala, asubuhi na mapema wakaenda zao. Hawakukutaja tena ila kukupa salamu. Sijajua mpaka leo kama walikuja kukuchukua au walikuwa wanapita tu. Ningeweza kumwuliza shangazi yako mwaka wowote tangu siku ile, na sikumwuliza, kwa sababu kama walikuwa wanapita tu, basi nilikunyang'anya mbegu zako kwa ajili ya woga wa bure. Nilipenda kubaki bila kujua.

Sikuandikii haya ili unihurumie. Woga ule sio ulionifanya niongope. Ulinifanya nichume. Kuongopa nilifanya kesho yake, wageni wakiwa wamekwisha kwenda, nikiwa nimelala na kushiba.

Jumapili hiyo ulitoka kama kawaida kabla ya kunawa. Nilikusikia ukiniita mara mbili. Nilipofika ulikuwa umeshika utepe, shina limekwanyuka tawi moja pale nilipovuta kwa haraka. Hukulia. Uliuliza, "Mama, ni nani?"

Nilikuwa na nafasi hapo. Ilikuwa nafasi nzuri, mimi na wewe peke yetu, na wewe ulikuwa mtoto wa kusamehe. Nilitazama upande wa pili wa uzio nikamwona mbuzi wa Mama Safi. Nikasema, "Angalia ile mbuzi."

Maneno matatu. Sikusema amekula. Kwa muda mrefu nilijifariji kwa hilo, kwamba sikusema amekula.

Ulikwenda kwa Mama Safi mimi nikiwa nyuma yako. Ulimwambia, "Mama Safi, mbuzi yako imekula mbegu zangu zote." Alikuwa anafagia. Alikutazama, kisha akanitazama mimi juu ya kichwa chako, na akangoja. Ningalifungua kinywa wakati ule angalinisaidia kulimaliza, najua. Nilitazama ufagio. Basi akasema, "Pole, mama. Nitaifunga vizuri." Mbuzi alikuwa amefungwa wakati huo huo, kwa kamba isiyofika hata nusu ya njia kuja kwetu.

Baada ya wiki moja alimpeleka mbuzi kwa kaka yake Nyunzu ili pasiwe na maneno kati ya nyumba zetu. Na wewe, ambaye kila Jumamosi ulikuwa unasukwa nywele kwenye mkeka wake, hukuingia tena mlangoni mwake. Unamsalimu vizuri, nilikulea vizuri kwa hilo. Lakini huingii.

Yaliyofuata unayajua, ila uliyajua kwa upande mmoja. Baada ya siku chache miche iliota nyuma ya jiko, pale nilipomwaga maji ya bakuli. Wewe ndiye uliyeiona. Palikuwa na mavi ya mbuzi hapo hapo, maana mbuzi wa watu wote hupita uani kwetu, na akili yako ya haraka ikaunganisha.

"Mama, njoo uone. Mbuzi imezirudisha."

Ulikuwa unacheka huku umeshika mdomo. Nilikuwa sijakuona ukicheka tangu Jumapili ile. Nikacheka nawe. Jumapili iliyofuata ulisimama kanisani wakati wa ushuhuda, ukaeleza jinsi mnyama alivyomeza tumaini lako na Mungu akalirudisha kutoka tumboni mwa mnyama yule yule. Watu walicheka, wakapiga makofi, mamaye mchungaji akafuta machozi. Mama Safi alikuwa amekaa safu ya tatu. Watu waligeuka kumtazama kwa furaha, yeye mwenye mbuzi. Alitikisa kichwa taratibu kama anayekubali. Mimi nilisema amina pamoja na wengine.

Toka siku hiyo nyanya zetu zinaitwa Mbuzi. Sokoni mwanamke ambaye hajui hata jina langu ananiambia, "Mama, nipatie mbegu ya Mbuzi, ile isiyoungua." Nami nafungua kitambaa nampa.

Nisikuharakishe, kuna makosa mengine nataka uende nayo, kwa kuwa haya yatakufaa shambani.

Mvua zilizofuata tulikuwa na miche kumi na mmoja. Minne iliungua kabisa. Saba ilishika mabaka na kuendelea. Kati ya ile saba, mmoja ulikuwa na matunda makubwa kama yai, na mimi nikaona aibu ya kupeleka sokoni vinyanya vya kucha. Wewe ulitaka tutunze mbegu za ule uliokuwa na mabaka machache zaidi, mfupi, mwenye matunda madogo na makali. Tulibishana. Nilikuambia ukiwa na nyumba yako utachagua utakavyo. Tulipanda mbegu za tunda kubwa, na mvua zilipokuja tena karibu zote zikawa nyeusi. Shukuru kwamba ulikuwa umeficha punje chache za ule mfupi kwenye karatasi ndani ya Biblia yako. Hukunisimanga hata neno moja. Ningependa ungenisimanga.

Prof ametueleza mwaka jana kitu ambacho wewe ulikuwa unakijua bila kufundishwa: tusichague tunda, tuchague shina. Tunda linaweza kuwa zuri kwa sababu limepata nafasi na mbolea tu. Shina ndilo linaloonyesha limestahimili nini. Tufunge utepe mapema, wakati mvua inaendelea kunyesha, sio kungoja nyanya iwe nyekundu ndipo tuanze kupenda.

Kosa jingine ni la mwaka uliofuata. Niliogopa kupoteza zote, nikapulizia dawa shamba zima kila wiki. Zote zilipona. Tulifurahi sana, kisha tukakaa na vikapu vyetu bila kujua shina lipi lilikuwa na nguvu yake na lipi lilikuwa linaishi kwa dawa. Mwaka mzima haukutufundisha kitu. Huko Ankoro, pulizia za kula ikibidi, lakini acha kila mara safu moja ikutane na ugonjwa peke yake. Itakuuma kuitazama. Chukua mbegu kwenye safu hiyo.

Na usitegemee shina lisilougua hata kidogo. Hatujawahi kuliona. Za kwetu zinaugua, zinapoteza majani ya chini, zinakonda, na bado zinaiva. Nilipoliandika hilo kwenye mtihani, Prof alilipigia mstari akaandika pembeni, "Ndiyo."

Ninapenda shule, Ngoie, na sikuwahi kukuambia vya kutosha. Niliiacha nikiwa mwaka wa nne kwa ajili ya kukuzaa wewe, na wewe ndiye uliyenirudisha, ukanifulia hii blauzi nyeupe na kuniambia, "Nenda, Mama, shamba nitaliangalia." Wiki za kwanza watoto walisimama nilipoingia, wakidhani ni mwalimu. Sasa wananiita Mama Klasi, na wananiomba niwashikie simu zao wakati wa mtihani.

Ni hapa hapa uongo wangu ulinikuta. Mwaka jana kila mmoja alitakiwa kuleta mbegu na kuandika kwenye daftari lake, kaye, zilikotoka. Niliandika "mbuzi". Klasi nzima ilicheka. Prof hakucheka. Alikaa kwenye benchi mbele yangu akasema, "Mama, siku mbegu hizi zitakapoharibika, watu watataka kurudi pale zilipoanzia wachukue tena. Watarudi kwa mbuzi?"

Nikamwambia ukweli kidogo, kwamba kulikuwa na shina lililojiotea kando ya uzio.

"Basi andika hivyo," akasema.

Sikuandika. Kaye ile inalala mezani kwetu, na wewe huifungua kusahihisha Kifaransa changu.

Huenda ningeendelea hivyo mpaka kuzeeka. Lakini jana ulipopita avenyu nzima ukiaga, nyumba kwa nyumba, nilikuwa nyuma yako nimebeba zawadi ulizokuwa unapewa. Kwa Mama Safi ulipunga mkono, ukasema, "Ubaki salama, Mama Safi," ukapita. Hukuona nilichokiona. Alikuwa amesimama langoni amevaa kitenge chake cha Jumapili, na mkononi alikuwa na kitu kilichofungwa kwenye kitambaa. Ulipopita alikificha nyuma yake, haraka, kama mtoto aliyekutwa na sukari. Kisha akatazama kama nimemwona.

Usiku mmoja tu umebaki na nimeishi na hilo tangu jana. Kuanzia kesho nitapika bukari ya mtu mmoja. Nimejaribu kuwaza ni ndogo kiasi gani na sijui hata maji niweke kiasi gani. Nitarudi shuleni, nitaweka daftari mezani, na hatakuwepo mtu wa kuniuliza nimejifunza nini leo. Na upande wa pili wa uzio kuna mwanamke ambaye pia anapika ya mtu mmoja, miaka minne sasa, tangu Safi wake aolewe Moba mwaka ule ule wewe ulipomwacha. Sikuwahi kuyaweka pamoja mambo hayo mawili mpaka jana. Aliondokewa na watoto wawili mwaka mmoja, mmoja kwa harusi na mmoja kwa maneno matatu, na wa harusi si kosa langu.

Mlinzi anatikisa funguo. Naacha hapa. Nakwenda kwa Mama Safi kabla ya kurudi nyumbani, kisha nitamalizia.

*

Naandika tena, niko kwenye kigoda cha Mama Safi, jua linataka kuzama. Amenipa meza yake ya kukatia mboga niandikie, ndiyo maana karatasi ina harufu ya kitunguu.

Nilimkuta anapepeta mchele. Nilisimama na mkoba wangu wa shule begani, nikamwambia yote kwa pumzi moja, hata yale anayoyajua. Alipepeta mpaka mwisho. Akasema:

"Mama Ngoie, ile sufuria ilirudi kwangu na mstari mwekundu pembeni. Nimeisugua mimi mwenyewe. Unafikiri nilikuwa nangoja unipashe habari?"

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini? Nimwambie mutoto kwamba mama yake ni muongo? Ana mama mumoja." Aliweka ungo chini. "Nilikuwa nangoja wewe. Nilisema mwezi huu atakuja. Nikasema Krismasi atakuja. Halafu mukanipeleka kanisani, muntu mwenye mbuzi ya muujiza. Ile siku nilitaka kukupiga."

"Ungenipiga."

"Mbele ya mchungaji?"

Tulicheka kidogo, si sana. Kisha alilia, nami nikalia, na sikujua nifanye nini na mikono yangu, nikaanza kuokota mawe kwenye mchele wake.

Nilimwuliza mbuzi yuko wapi siku hizi. Alisema alikufa Nyunzu, alizaa mara tatu. Akaniuliza kama mtoto anajua. Nikasema atajua kesho, nitampa barua hii mkononi treni ikianza kutembea. Hapo alikasirika kweli, kwa mara ya kwanza.

"Treni ikitembea? Ili asikuulize kitu? Hapana, Mama Ngoie. Umesoma mpaka mwaka wa sita na bado unakimbia."

Kwa hiyo nimebadilisha. Barua hii utaipata jioni hii, nitakapoingia nyumbani. Nitakupa, nitakaa uani, na nitakungoja uisome. Ukitaka kuniuliza, nitakuwa pale. Ukitaka kulala bila kusema nami, nitaelewa, na kesho nitakusindikiza stesheni nikiwa nimenyamaza. Mama Safi amenituma kwako maneno haya, nayaandika kama alivyoyasema: "Mwambie sina kinyongo naye, alikuwa mutoto. Mwambie lango halijafungwa, aje kabla ya treni, nywele zile hazifai kusafiri." Na kitambaa cha jana kilikuwa na karanga za kukaanga, za njiani. Hataki nikuletee mimi.

Shina lako lilikuwepo, Ngoie, na lilipona lenyewe, na wewe ndiye uliyeliona mtu mzima aliposema ling'olewe. Hayo yote yalikuwa kweli na yangetosha kusimama nayo kanisani. Mimi niliongeza mbuzi juu yake. Sasa unabeba mbegu mpaka mahali ambapo hakuna anayetujua, na mvua za kwanza zitakapopita na majirani wako watakapoona za kwako zimebaki, watakuja na vitambaa vyao kukuomba. Siwezi kukuchagulia. Ukiwaambia habari ya mbuzi, watacheka na watakupenda, na mimi nitabaki mama mzuri. Ukiwaambia ya kweli, jina langu litakuwa ndani yake, na niko tayari liwemo. Ninachotaka ni kujua tu. Kama hutaweza kuniambia usoni, niandikie kwa mtu yeyote wa treni inayorudi, hata mistari miwili: watakapokuuliza mbegu hizi zilitoka wapi, utawaambia nini?